Jengo Bila Mhudumu: Funzo la Msumbiji kuhusu Kujenga Upya Huduma za Afya Baada ya Vita

Mama mjamzito anaposhikwa na uchungu pingamizi, yaani pale mtoto anaposhindwa kupita katika nyonga ilhali mikazo ya mfuko wa uzazi inaendelea, muda huwa mfupi. Mfuko wa uzazi unaweza kuchanika na mama akavuja damu hadi kufa. Kichwa cha mtoto kinapozidi kubana njia ya uzazi dhidi ya mifupa ya nyonga, sehemu hizo hukosa damu na kuoza, na mama hubaki na fistula ya uzazi, akivuja mkojo bila kuweza kujizuia. Mtoto naye hukosa hewa. Tiba ya hali hii inafahamika tangu zamani: mtoto atolewe kwa upasuaji, na atolewe mapema.

Naanza na mama huyu kwa sababu, katika kazi yangu ya ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, nimemwona kuwa kipimo kisichodanganya cha mfumo wa afya. Chanjo inaweza kupelekwa kwa kampeni ya wiki moja na chakula kinaweza kudondoshwa kwa ndege. Mama mwenye uchungu pingamizi hasaidiki kwa njia hizo. Anahitaji mtu aliyefunzwa, aliye zamu usiku huohuo, mwenye vifaa, ganzi na damu, katika hospitali ambayo mama anaweza kuifikia kabla hajachelewa.

Makala haya yanaeleza jinsi nchi moja jirani, Msumbiji, ilivyokabiliana na mahitaji ya mama huyo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na katika miaka ya ujenzi mpya iliyofuata. Tutaangalia misaada ya kibinadamu ilifanya nini, ilishindwa wapi, na kwa nini uamuzi mmoja kuhusu watumishi ulileta manufaa yaliyodumu kuliko majengo mengi.

Hali ilivyokuwa

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wareno wengi waliondoka, na madaktari wakiwa miongoni mwao, hata waliobaki katika nchi nzima hawakufika mia moja. Serikali mpya, iliyoongozwa na Samora Machel ambaye mwenyewe alikuwa muuguzi kwa taaluma, ilitaifisha huduma za afya mwezi Julai mwaka huohuo na kuweka mkazo katika kinga na afya ya msingi. Kati ya mwaka 1976 na 1979 ilifanyika kampeni ya chanjo ya nchi nzima iliyowafikia watu walio wengi sana. Zahanati zilifunguliwa vijijini, na wahudumu wa ngazi ya chini wakafunzwa kwa wingi.

Mtandao huo ndio uliogeuzwa shabaha. Vita kati ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, walioungwa mkono kwanza na utawala wa Rhodesia na baadaye na utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, vilianza mwaka 1977 na kudumu miaka 15. Zahanati, kama shule, ilikuwa alama ya kuonekana ya dola kijijini, kwa hiyo ilichomwa au kuporwa. Wauguzi walitekwa, wengine wakauawa. Hadi vita vinakaribia kwisha, takriban nusu ya vituo vya huduma za msingi vilikuwa vimebomolewa, vimeporwa au vimefungwa. Inakadiriwa kwamba watu milioni moja walipoteza maisha, wengi wao kwa njaa na maradhi. Watu milioni kadhaa walihama makwao ndani ya nchi, na wengine wapatao milioni 1.7 walikimbilia nchi jirani, zaidi ya milioni moja kati yao wakiwa Malawi. Tanzania pia ilipokea sehemu yao.

Mkataba wa amani ulitiwa saini mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992 na Rais Joaquim Chissano pamoja na Afonso Dhlakama wa RENAMO. Nchi ilikuwa katika ukame mkali. Wakimbizi walianza kurejea kwa mamia ya maelfu, wakikuta vijiji visivyo na visima, barabara zenye mabomu ya kutegwa ardhini, na zahanati zisizo na mapaa.

Misaada ya dharura na ujenzi mpya ni kazi mbili tofauti

Watu wengi huzitaja kazi hizi mbili kama kitu kimoja, lakini zina kanuni tofauti. Misaada ya dharura hulenga kuokoa maisha sasa: chakula, maji salama, chanjo ya surua, matibabu ya kuhara na malaria, mahema. Kasi ndiyo sifa yake kuu. Shirika la nje linaweza kuja na watumishi wake, dawa zake na magari yake, likafanya kazi bila kusubiri serikali, na likafanya vyema. Katika Msumbiji misaada ya aina hii iliokoa maisha ya watu wengi, na si haki kuibeza.

Ujenzi mpya hulenga huduma itakayokuwapo baada ya miaka kumi. Hapa kasi huweza kuwa kikwazo. Jengo hukamilika kwa miezi michache, hufunguliwa kwa sherehe na kupigwa picha. Mkunga huchukua miaka kufunzwa, na mshahara wake hulipwa kila mwezi kwa miaka 30. Wafadhili wengi wako tayari kulipia kitu cha kwanza, kwa kuwa kina mwanzo na mwisho. Wachache hukubali kulipia cha pili.

Mapema katika miaka ya 1990, zaidi ya nusu ya fedha za sekta ya afya ya Msumbiji zilitoka nje. Mashirika yasiyo ya kiserikali yaliingia kwa makumi, kila moja likiwa na mkoa wake, ugonjwa wake, fomu zake za taarifa na magari yake. Wakati huohuo, tangu mwaka 1987 serikali ilikuwa ikitekeleza mpango wa marekebisho ya uchumi uliobana matumizi ya umma, na thamani halisi ya mshahara wa muuguzi ikaporomoka.

Matokeo yalitabirika. Mtumishi mwenye ujuzi aliweza kupata katika shirika la nje mara kadhaa ya alichopata serikalini, naye akaondoka. Aliyebaki serikalini alitafuta posho za semina ili kufidia mshahara. James Pfeiffer, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti katika mkoa wa Manica, aliandika mwaka 2003 jinsi wingi wa mashirika ulivyogawanya mfumo wa afya vipandevipande, na jinsi maofisa wa mkoa walivyotumia muda wao mwingi kuhudumia miradi badala ya kusimamia vituo. Shirika lilikuwa na nia njema, mtumishi alikuwa na watoto wa kulisha, na bado wodi ilibaki bila mtu.

Si lazima nchi ipigane vita ili jambo hili litokee. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilimpokea usiku mama aliyeletwa kwa rufaa kutoka wilaya ya mbali. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni, na mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika. Mama tulimwokoa, lakini kwa kumwondoa mfuko wa uzazi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Miezi michache baadaye nilitumwa katika hospitali aliyotoka. Nilionyeshwa chumba cha upasuaji kipya, kilichojengwa kwa msaada, taa yake ikiwa bado imefunikwa kwa nailoni ya kiwandani. Nilipouliza kwa nini hakitumiki, niliambiwa kwamba aliyepaswa kupasua alikuwa amehamishwa, na aliyepaswa kutoa dawa ya usingizi hakuwa amewahi kuajiriwa.

Uamuzi uliofanywa wakati risasi zikilia

Serikali ya Msumbiji ilikabili swali hilohilo katika hali mbaya zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majeruhi wa vita na akina mama wenye matatizo ya uzazi walikuwa wakifa wilayani kwa kukosa wa kuwapasua. Madaktari bingwa wazawa walikuwa wa kuhesabu vidoleni, na kumsafirisha mgonjwa barabarani kulikuwa hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Kusubiri hadi nchi ipate madaktari wa kutosha kulimaanisha kusubiri kizazi kizima.

Waziri wa Afya wa wakati huo, Dk. Pascoal Mocumbi, alikuwa mwenyewe daktari wa uzazi. Mwaka 1984 ulianzishwa mpango wa kuwafunza upasuaji wauguzi na matabibu wa ngazi ya kati waliokwisha kufanya kazi wilayani. Kwa Kireno waliitwa técnicos de cirurgia. Hapa nitawaita matabibu wapasuaji. Mafunzo yalichukua miaka mitatu: miwili ya darasani na vitendo katika Hospitali Kuu ya Maputo, na mmoja wa mazoezi kazini chini ya uangalizi katika hospitali ya mkoa. Walifundishwa kutoa mtoto kwa upasuaji, kuondoa mfuko wa uzazi uliochanika, kupasua tumbo kwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, kurekebisha ngiri iliyojinyonga, kukata kiungo kilichosagwa na bomu, na kushughulikia majeraha mengine ya dharura.

Tuangalie namna walivyochaguliwa. Hawakuwa vijana waliotoka shuleni wakiota maisha ya jiji. Walikuwa watumishi wenye uzoefu, waliozoea mazingira ya wilaya na wengi wao wakiwa na familia huko. Cheti chao hakikutambulika kimataifa, kwa hiyo hakikuwafungulia mlango wa kwenda Ureno au Afrika Kusini. Jambo lililoonekana kuwa upungufu likageuka kuwa nguvu ya mpango huo.

Ushahidi unasema nini

Wakati ule madaktari wengi walipinga. Waliuliza, na lilikuwa swali halali, iwapo kumpa kisu mtu asiye daktari hakumhatarishi mgonjwa. Swali la aina hii hujibiwa kwa kuhesabu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulilinganisha upasuaji wa kutoa mtoto uliofanywa na matabibu wapasuaji na ule uliofanywa na madaktari bingwa katika Hospitali Kuu ya Maputo. Jumla ya upasuaji 2,071 ulichunguzwa. Sababu za kupasua zilifanana, na matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa ndogo: kwa matabibu wapasuaji, kidonda cha juu juu kilikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kuachana.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2007, uliangalia nchi nzima. Katika mwaka 2002, asilimia 92 ya upasuaji mkubwa wa uzazi uliofanyika katika hospitali za wilaya ulifanywa na matabibu wapasuaji. Watafiti pia waliwafuatilia wahitimu wa miaka iliyotangulia. Miaka saba baada ya kuhitimu, takriban asilimia 88 ya matabibu wapasuaji walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Kati ya madaktari waliopangiwa wilaya katika kundi lililolinganishwa nao, hakuna hata mmoja aliyekuwa amebaki.

Kuhusu gharama, uchambuzi wa mwaka 2007 ulikadiria kwamba, ukijumlisha mafunzo na mishahara ya miaka 30, kila upasuaji mkubwa wa uzazi uligharimu takriban dola 39 ulipofanywa na tabibu mpasuaji, na dola 144 ulipofanywa na daktari bingwa.

Kwetu Tanzania jambo hili si geni. Madaktari wasaidizi wamekuwa wakifanya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya kwa miongo mingi. Utafiti uliofanywa katika mikoa ya Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wao ndio waliofanya asilimia 85 ya upasuaji huo katika hospitali zilizochunguzwa, na ubora wa kazi yao haukuwa chini ya ule wa madaktari.

Mipaka ya mpango huo

Ingekuwa kosa kuyasoma haya kama hoja dhidi ya madaktari bingwa. Bingwa ndiye aliyewafunza matabibu hao, na ndiye anayepaswa kupokea rufaa na kusimamia ubora. Tabibu mpasuaji aliyeachwa peke yake kwa miaka mingi bila kutembelewa, bila mafunzo rejea, na bila mtu wa kumpigia simu usiku, huchoka, na ujuzi wake hufifia.

Pia, mikono yenye ujuzi haitoshi ikiwa peke yake. Lazima kuwe na mtoa dawa ya usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, damu salama, nyuzi za kushonea, maji na umeme. Kwa muda mrefu matabibu hao walilalamikia mishahara midogo na kutotambuliwa, kwani walifanya kazi ya daktari kwa malipo ya ngazi ya kati. Baadaye mafunzo yao yaliinuliwa hadi ngazi ya shahada, hatua iliyojibu sehemu ya malalamiko hayo.

Na lazima kuwe na barabara. Mabomu ya kutegwa ardhini yaliendelea kukata miguu ya watu na kufunga njia za kwenda hospitali kwa zaidi ya miaka 20 baada ya amani. Ni mwezi Septemba 2015 tu ndipo Msumbiji ilipotangazwa kuwa imesafishwa maeneo yote ya mabomu yaliyojulikana. Watanzania wana sehemu katika kazi hiyo: miongoni mwa waliotegua ardhi hiyo walikuwamo panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Panya haohao wamefunzwa pia kunusa vimelea vya kifua kikuu katika makohozi.

Nani ashike usukani

Wizara ya Afya ya Msumbiji ilianza kupanga ujenzi mpya kabla mkataba wa amani haujatiwa saini. Hilo lilisaidia, kwa sababu wafadhili walipofika walikuta angalau mpango wa kuuliza maswali juu yake: kituo kijengwe wapi, kwa watu wangapi, na nani atafanya kazi humo. Si wote walioufuata. Hatua kubwa zaidi ilikuja mwezi Mei 2000, serikali na wafadhili walipotia saini kanuni za maadili zijulikanazo kwa jina la Kaya Kwanga, ukumbi wa Maputo walimokutania. Walikubaliana kwamba wizara ndiyo inayoongoza, na kwamba misaada ifuate mipango na taratibu zake. Baadaye fedha za wafadhili kadhaa ziliunganishwa katika mfuko wa pamoja, utaratibu ambao wasomaji wa Tanzania wanaufahamu kupitia Mfuko wa Pamoja wa Afya unaopeleka fedha katika halmashauri.

Utaratibu huo hutegemea kuaminiana, na kuaminiana huvunjika kutoka pande zote mbili. Mwaka 2016 ilipobainika kwamba serikali ilikuwa imedhamini mikopo iliyofichwa, wafadhili walisitisha misaada yao ya moja kwa moja katika bajeti ya nchi. Uwazi wa serikali katika fedha, kwa hiyo, nao ni sehemu ya ujenzi mpya sawa na matofali.

Yanayotuhusu sisi

Tangu Oktoba 2017, mkoa wa Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, umekuwa tena katika mapigano. Vituo vya afya vimechomwa, watumishi wamekimbia, na mamia ya maelfu ya watu wamehama makwao. Baadhi yao ni jamaa wa Wamakonde wa Mtwara, na wengine ni Wamwani wa pwani ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili. Upande wa mashariki mwa Kongo hali inafanana. Wapo miongoni mwetu, watumishi wa afya wa eneo hili, watakaoitwa kusaidia.

Kwa mtumishi wa afya anayepokea au anayeendesha mradi wa misaada, nashauri aulize mambo manne kabla msingi wa jengo haujachimbwa. Nani atafanya kazi hapa mwaka wa tatu? Nani atamlipa mradi ukiisha? Ataishi wapi na familia yake? Nani atamtembelea na kumsimamia? Yasipopatikana majibu, fedha hizo zielekezwe kwanza katika mafunzo, nyumba za watumishi na mishahara. Na mradi unapomchukua muuguzi kutoka wodini kwa mshahara mnono, sharti ulipie pia mafunzo ya atakayeziba nafasi yake.

Kwa mgonjwa na familia yake, ujumbe ni mwepesi. Ukifika hospitali ya wilaya ukaambiwa kwamba atakayempasua mkeo au binti yako ni daktari msaidizi, usikimbilie kumpakia garini kwenda mjini. Una haki ya kuuliza amefunzwa wapi na kama damu ipo. Lakini tambua kwamba, kwa mama mwenye uchungu pingamizi, mtu aliyefunzwa aliye karibu ni salama kuliko bingwa aliye mbali kwa saa sita. Na unapohudhuria mkutano wa kijiji au kikao cha kamati ya afya, usiridhike kuuliza zahanati itaezekwa lini. Uliza pia mkunga wake anaitwa nani, na kama nyumba yake iko tayari.